Bwana Afya Ameshiba

Wanangu mnaoanza kazi, nyie ambao siku hizi mnaitwa maofisa afya na mnazunguka na pikipiki, hebu niwaulize: kuna hata mmoja wenu aliyewahi kuchorwa ukutani? Mimi nimechorwa. Nilichorwa Majengo, hapa hapa Sumbawanga, kwenye ukuta ambao kila aliyetoka stendi kwenda sokoni aliupita, na mimi niliupita mara nne kwa siku kwa sababu njia ya kwenda ofisini ilikuwa hiyo hiyo. Nitawaeleza ilikuwaje. Mtanivumilia nikiruka huku na huku. Mke wangu anasema siwezi kukaa kwenye kiti hata chai ikapoa, na anasema kweli. Nimestaafu, lakini miguu bado inaamka saa kumi na mbili na kutaka kwenda kukagua.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nyie hamkuuona mtaa wa kabla yake: duka la ushirika lina rafu tupu, muuzaji anasinzia, na foleni ya sukari imeanza kabla jua halijatoka. Halafu ghafla ikawa kama mtu amefungua bomba. Mitumba ikaingia, mafuta ya kula yakaingia, rangi za makopo zikaja kutoka Dar na nyingine zikavuka mpaka kutoka Zambia. Na watu waliopunguzwa kazi wakatoka maofisini na kile walichobaki nacho nyumbani, yaani sufuria. Karani wa jana ukamkuta anakaanga viazi. Dereva wa shirika akawa anachoma mishikaki mbele ya nyumba ya mjomba wake.

Majengo ya zamani, zile nyumba za tofali mbichi zenye vibaraza vifupi, ikageuka jiko moja refu. Baridi ya Ufipa mnaijua. Asubuhi watu wamejifunika makoti mpaka masikioni, wameshika vikombe vya uji wa ulezi kwa mikono miwili, na hatua kumi mbele kuna supu ya makongoro inatoa mvuke kama moshi wa gari bovu. Mchana ni ugali na samaki wa migebuka kutoka Kirando, kule ziwani, au dagaa wa Kabwe waliokaangwa na nyanya nyingi. Ulikuwa ukipita pale na njaa hufiki mwisho wa mtaa.

Kwa kuwa wauzaji walikuwa wengi, kila mmoja alitaka ukuta wake uonekane. Ndipo akaja Issa. Issa alikuwa kijana wa Kirando, alikuwa akichora majina na urembo kwenye mitumbwi na boti za kule ziwani. Akapanda basi kupitia Namanyere na begi la brashi, akashuka Sumbawanga, na kabla ya wiki mbili mtaa mzima ulikuwa na samaki. Migebuka yake ilikuwa na meno na ilikuwa inacheka. Sahani zake za ugali zilitoa mvuke wa bluu kwa sababu nyeupe ilikuwa imemwishia. Shida yake ilikuwa ng'ombe. Mtu wa ziwani, ng'ombe hakuwazoea. Alichora mmoja kwenye ukuta wa muuza supu, na mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyekuja mnadani akasimama pale muda mrefu, fimbo begani, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Huyu anauma?"

Issa alicheka kuliko sisi wote. Kesho yake akamwongezea yule mnyama pembe ndefu sana. Sasa akawa mbwa mwenye pembe.

Lakini ngoja niwarudishe nyuma kidogo, kwenye kazi yenyewe.

Aliyenifundisha ni Mzee Fidelis. Alikuwa mfupi, mpole, koti lake jeupe limefuliwa mpaka limekuwa la kijivu. Siku ya kwanza nilivaa koti langu jipya nikaelekea mlango wa mbele wa hoteli. Akanishika mkono. "Mbele wamefagia kwa ajili yako," akasema. "Twende nyuma." Nyuma tukakuta sahani zinakaushwa juu ya banda la kuku. Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuwa kitambaa cha kufutia sahani: kishike, kinuse, ukishindwa kukinusa basi usihangaike na mengine. La tatu, kaa chini ule. Mzee Fidelis alikula kila mahali alipokagua, na alilipa, na alisema mtu akikuona unakula chakula chake atakueleza hata ambayo hukumuuliza.

Mimi nilikuwa na haraka. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yangu na sijaiponya mpaka leo. Mwezi wangu wa kwanza nilikuta ndoo ya maziwa yameganda, yana harufu kali. Nikaimwaga yote mtaroni huku nikimsomea mwenyewe sheria. Mwenyewe, mama wa Kisukuma, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa wa akili. Yalikuwa maziwa mgando. Alikuwa ameyagandisha kwa siku tatu kwa makusudi, na watu walikuwa tayari wamekaa wanayangoja na viazi vyao. Mzee Fidelis aliposikia alikaa kwenye ngazi ya ofisi akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, akaniambia, "Umeona ndoo, hukumwona mtu. Siku moja utakachomwaga hakitakuwa maziwa."

Nimetoka nje kidogo, nimezunguka nyumba, nimerudi. Sehemu inayofuata huwa inanifanya hivyo.

Mama Gaudensia alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja iliyopunguza watu. Alipika kama alivyokuwa akichapa, haraka na bila makosa. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona, ukuta mkubwa wa nyumba ya jirani ukiwa ubavuni, na Issa alikuwa amemchorea pale chungu kinachochemka na mgebuka unaochungulia ndani kama anatafuta chumvi. Maharage yake aliyaunga kwa karanga. Yeye peke yake mtaani alikuwa na pipa la maji lenye mfuniko na kikombe chenye mkono mrefu cha kuchotea, wengine walitumbukiza chochote. Nilikula kwake kila siku ya kazi. Nilikuwa nakunywa chai yake ya tangawizi, vikombe vitatu, kwa sababu ya baridi.

Ikaja masika yenye mvua isiyokata. Katikati ya mvua hizo watu wa Majengo wakaanza kuhara na kutapika. Wa kwanza wawili, kisha watano, kisha wodi ikajaa. Mkubwa wangu akaniita. Akataka kujua chanzo, na akataka ajue siku hiyo hiyo. Nikaenda hospitali na daftari, nikauliza kitanda hadi kitanda swali moja: "Jana na juzi ulikula wapi?"

Karibu wote walijibu, "Kwa Mama Gaudensia."

Nikaona nimemaliza kazi. Wakati huo Mzee Fidelis alikuwa ameshastaafu, anaishi Katandala, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa njiani nikasimamisha baiskeli kumweleza. Alikuwa anapalilia mbaazi.

"Shikamoo, Mzee. Nimempata."

"Marahaba. Umempata nani?"

Nikamweleza. Akaegemea jembe. "Hao wasioumwa," akauliza, "umewauliza wanakula wapi?"

"Mzee, wasioumwa wa nini tena? Watu wanatapika!"

"Majengo yote inakula kwa Gaudensia. Ukiwauliza wazima nao watasema wanakula kwa Gaudensia."

"Hakuna muda, Mzee," nikamwambia, nikapanda baiskeli.

Andikeni hilo mahali, wanangu. Maneno hayo matatu niliyasema mimi, kwa mdomo huu, kwa mtu aliyenifundisha kazi.

Nilifika kwa Mama Gaudensia saa saba mchana, watu wamejaa. Nilikuwa na koti, kofia, mabuti ya mpira na kufuli. Nikatangaza kwa sauti kwamba kibanda kimefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Vijiko vikasimama. Kuna kijana mmoja alitema tonge chini.

Mama Gaudensia alifuta mikono taratibu. "Bwana Afya," akasema, "jana ulikula hapa. Juzi ulikula hapa. Leo asubuhi umekunywa chai hapa. Mbona wewe huumwi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko langu la hospitali. Nilitakiwa nikae chini nilijibu. Badala yake nikashika sufuria la maharage kwa pande mbili, nikalibeba mpaka mtaroni, nikalimwaga. Nilipoona haliishi haraka nikalisukuma kwa buti. Kisha nikafunga mlango. Alisimama pembeni, mwiko bado mkononi.

Siku ya pili yake nilipita pale nikaona watu wamekusanyika, nikadhani kuna mgonjwa ameanguka. Wakanipisha, na wakati wananipisha wakawa wanaziba midomo. Kwenye ukuta ule mkubwa, juu ya chungu na mgebuka wake, nilikuwa mimi. Kofia ilikuwa yangu, koti langu, mabuti makubwa kama mitumbwi. Pua ilikuwa ndefu kiasi cha kuweza kuanikia nguo. Mguu mmoja ulikuwa hewani, umepiga sufuria, na maharage yalikuwa yanaruka juu kama kundi la ndege. Tumbo langu limevimba vifungo vimekatika. Chini yake, kwa herufi nzuri za boti za Kirando: BWANA AFYA AMESHIBA.

Mvua ilikuwa inanyesha na rangi haikutoka. Alikuwa ametumia rangi ya mafuta, ile ya gharama.

Mji mzima ulicheka. Nikiingia sokoni watoto wanaimba, "Ameshiba! Ameshiba!" Nikaacha kupita pale, nikazunguka kwa nyuma kwenye matope, kisha nikaona aibu ya kuzunguka, nikarudi kupita pale. Siku ya tatu nikamfuata Issa. Alikuwa anachora ukuta wa kinyozi.

"Futa," nikamwambia.

"Kaka, nimekosea wapi? Pua?"

"Futa yote."

Akaweka brashi kwenye kopo. Hakuwa anacheka. "Mabuti hukuvaa?"

"Nilivaa."

"Sufuria hukulimwaga?"

"Nililimwaga."

"Kwake ulikuwa huli?"

Nikaangalia kopo la rangi.

"Basi niambie nifute lipi," akasema.

Na wodini watu walizidi kuingia. Hilo ndilo lilinikosesha usingizi kuliko ule ukuta. Nimefunga, siku ya nne, ya tano, na bado wanakuja. Nilijiambia ni mabaki, ni waliokula kabla sijafunga. Siku ya sita akafariki Kasian, fundi cherehani, mzee aliyeshona Majengo tangu mimi nikiwa mwanafunzi.

Nilikwenda kwake kunyunyiza dawa, kama ulivyo utaratibu. Mkewe, Mama Skola, alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitenge. Nikachutama, nikatoa pole, nikatoa daftari.

"Mama, samahani. Mzee alikula kwa Mama Gaudensia lini mara ya mwisho?"

Akainua uso. "Kasian? Kasian hajala nje tangu nimeolewa naye. Hata kwenye harusi alikuwa anarudi kula nyumbani. Watu walikuwa wananicheka."

Nilihisi daftari limekuwa zito. "Na maji, mama? Mnakunywa ya wapi?"

"Ya kisimani. Kisima cha hapo chini. Ya wapi tena?"

Kisima kile kilipendwa Majengo yote. Maji yake yalikuwa baridi na matamu, hakuna aliyeyachemsha. Mama Gaudensia alijaza pipa lake pale, na wateja wake waliyanywa hivyo hivyo baada ya kula. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Niliondoka kwa Mama Skola nusu nikikimbia, nikapita kisimani, nikapanda juu ya mteremko nyuma ya nyumba. Choo cha shimo kilikuwa kimebomoka kwa mvua, na maji machafu yalikuwa yamejichimbia njia kwenye majani mpaka chini. Hakuhitajika mtaalamu. Mtu yeyote aliyepanda hatua arobaini angeona. Kwa siku sita hakuna aliyepanda, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshawaambia chanzo kimepatikana.

Nilifunga kisima mchana ule ule. Watu wakachota kwenye bomba la misheni wakati tunafukia choo, tunachimba mfereji na kutia dawa. Wodi ikaanza kupungua. Baada ya wiki mbili hakukuwa na mgonjwa mpya.

Nikaenda kwa Mzee Fidelis nikidhani atanisema. Hakunisema. Aliniuliza tu nitafanya nini. Nikamwambia nitakwenda kwa Mama Gaudensia jioni, kwake, nimwombe radhi.

"Ulimfunga wapi?"

"Pale kibandani."

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Basi nenda saa saba."

Nikaenda saa saba, kukiwa na watu, nikafungua kufuli, nikasema kwa sauti ile ile niliyofungia: ugonjwa ulitoka kisimani, chakula cha mama huyu hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Nilitegemea watapiga makofi au watazomea. Wakaangalia kufuli mkononi mwangu. Mama Gaudensia alikuwa anaangalia buibui waliotanda kwenye mafiga yake.

"Nimekusikia," akasema. "Na mke wa Kasian, umeshamwambia?"

"Bado."

"Mimi nilipoteza maharage," akasema, akaanza kufagia.

Alifungua kesho yake. Wateja walirudi pole pole, wengine hawakurudi kabisa. Mimi nilirudi kula, na kwa muda mrefu alinipakulia bila kunitazama. Issa naye alikuja na chokaa na brashi pana, akasimama mbele ya ukuta.

"Kaka, sasa naifuta."

"Iache."

"Unasema kweli?"

"Iache ikae."

Akaniangalia, akaangalia ukuta. "Basi nipunguze pua."

"Pua punguza," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza tulicheka pamoja tangu siku ya maharage.

Picha ilikaa miaka mingi, mpaka mwenye nyumba alipobomoa kujenga duka la vifaa. Kabla ya hapo kila mfanyakazi mpya aliyeletwa kwangu nilimpeleka pale kwanza. Nilimnunulia sahani ya maharage ya karanga, nikamwonyesha ukuta, nikamwacha asome mwenyewe. Wengine walidhani ni utani. Wawili watatu walielewa, na hao ndio walikuja kuwa wakubwa zangu.

Lakini kwa Mama Skola sikwenda siku ile, wala wiki ile. Ukweli wangu ndio huo. Nilikagua mabucha, nilikagua vioski, nilikagua hata sehemu zisizonihusu. Nilikula kila kitu mtaani nikiwa nimesimama. Nilikuwa nikifika karibu na nyumba yake miguu inakata kona yenyewe. Ikapita zaidi ya wiki mbili. Asubuhi moja nilimkuta barabarani, ndoo kichwani, anapanda kutoka bondeni, mbali, goti lake moja bovu. Kisima kilikuwa salama tayari, watu wote wanachota. Yeye hakukiamini.

Nikampokea ndoo. Tulitembea mpaka kwake. Nikaitua, nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni: kwamba niliulizia chakula tu, kwamba niliambiwa niulize zaidi na nikakataa, kwamba kama ningepanda ule mteremko siku ya kwanza, kisima kingefungwa siku sita kabla mumewe hajafa.

Alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Siku sita," akasema. "Siku hizo alikuwa anashona nguo za watoto wa komunyo. Alizimaliza zote."

Nikasogeza ndoo pembeni ya mlango.

"Na sasa hicho kisima unasema ni kizuri?"

"Ni kizuri, mama. Nimekitibu mwenyewe."

"Unasema wewe." Akainuka, akatoa kikombe cha bati, akanipa. "Kachote. Uje unywe hapa nikuone."

Nikashuka kisimani, nikachota, nikarudi, nikanywa mbele yake mpaka tone la mwisho. Alinitazama kooni.

"Kesho uje tena," akasema.

Nikaja. Na kesho kutwa. Kila asubuhi kabla ya kazi, masika yote yaliyobaki, mvua na ukungu, nilichota na kunywa mbele yake. Hakunikaribisha kukaa. Kikombe alikuwa anakiweka juu ya meza ya cherehani, mimi nakichukua, nakirudisha. Sijui kama alikuwa anangoja aamini au anangoja nife. Sikumuuliza, na ndoo yake ya bondeni niliiona kila siku mlangoni, imejaa.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekata. Nilifika nikamkuta amesimama mlangoni, kikombe mkononi, kina maji nusu.

"Nimechota kisimani mwenyewe, nusu nimeshakunywa," akasema. "Malizia hiyo, uende kazini."